Fundi alikata mabati ya asbestosi uani, na wanangu wakacheza kwenye vumbi

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Changamwe, Mombasa. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia nyumba aliyoijenga 1976, enzi hizo akifanya kazi bandarini. Ina vyumba vitano, na mbele kuna duka ambalo kwa miaka mingi limepangishwa kwa mtu wa mikate. Paa lote ni yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa, si ya chuma. Tangu utotoni tumeyaita mabati ya baridi, kwa sababu hata jua la Januari likiwaka nyumba yetu haichomi kama za majirani.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tumekubaliana tuigeuze nyumba iwe shule ya chekechea. Mwezi uliopita alimleta fundi na kijana wake wa kumsaidia. Walitaka kuingiza mabati mawili ya kupitisha mwanga chumba cha kati, kwa hiyo waliteremsha manne ya zamani wakayakata uani kwa grinda. Kazi ilichukua siku mbili. Vumbi lilikuwa jeupe kama unga wa sembe, likatanda kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo za maji, kila mahali. Yule kijana alikuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu. Jioni nilifagia kwa ufagio wa chelewa, na wanangu, mmoja wa miaka 6 na mwingine 3, walikuwa barazani wanachora kwa vidole kwenye vumbi lililobaki. Fundi aliniomba pakiti za maziwa za kusafisha kifua. Nikanunua, na sisi tukanywa.

Wiki iliyofuata jirani yetu, ambaye ni muuguzi, alipita akaona vile vipande. Akaniuliza, "Mmekata asbestosi? Hamjui hiyo ni kansa?" Tangu siku hiyo sijalala. Mwanangu wa mwisho akikohoa usiku, nakaa kitako nikimsikiliza.

Ndugu yangu anasema nimejitia wasiwasi bure. Baba kaishi chini ya paa hilo zaidi ya miaka 40 na kilichomwondoa ni kisukari. Ameshaongea na mtu wa Mazeras anayetaka kuyanunua mabati yote tukiezua, ajengee banda la kuku, na amepokea arubuni. Fundi naye anasema hakuna haja ya kuezua, ataleta mashine ya maji ya presha aoshe kuvu lote kisha apake rangi. Na juzi kaja mtu mwingine na kidude mfano wa simu, akazunguka nacho vyumbani, akanionyesha namba nyekundu na kusema hewa yetu ina asbestosi. Tukimlipa shilingi 15,000 atatupa cheti siku hiyo hiyo, na kampuni ya nduguye itatoa paa.

Mwalimu, nitajuaje kama ni asbestosi kweli? Nani anapima? Na wanangu nimeshawaua?

Mama wa Wawili, Changamwe

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa mzee, Mungu amrehemu.

Nianze na swali la mwisho, najua ndilo linalokukosesha usingizi. Hujawaua wanao. Waliougua kwa asbestosi, kwa sehemu kubwa kabisa, ni watu walioivuta kazini mwaka nenda mwaka rudi: wachimbaji, wafanyakazi wa viwandani, mafundi wa mabomba ya mvuke melini. Ugonjwa unafuata wingi wa nyuzi ndogo mno za asbestosi zilizoingia kifuani na muda ambao mtu amezivuta. Siku mbili za grinda uani ni jambo baya na halikupasa kutokea, lakini liko mbali na hayo. Sitakuambia hatari ni sifuri, kwa sababu hakuna kiwango cha asbestosi kinachojulikana kuwa salama kabisa, na mtoto ana miaka mingi mbele yake. Ni hatari ndogo. Iliyobaki mikononi mwako ni kuhakikisha haiongezeki hata kidogo, na hilo unaliweza.

Kikohozi cha usiku mpeleke kliniki kama kikohozi chochote kile. Hakitokani na asbestosi. Magonjwa yake, yaani makovu ya mapafu yanayoitwa asbestosisi, saratani ya mapafu, na mesotelioma ambayo ni saratani ya utando unaofunika mapafu, kwa kawaida huchukua kati ya miaka 10 na 50 kujitokeza. Ndiyo maana picha ya eksirei ya kifua leo haitaonyesha kitu, na usiruhusu mtu akuuzie moja kwa ajili hiyo. Fanya hivi: kwenye kijitabu cha kliniki cha kila mtoto andika tarehe zile mbili na maneno "vumbi la kukata paa, huenda asbestosi". Siku za usoni daktari akiuliza, jibu lipo. Na wakikua wafundishwe kuiogopa sigara kuliko watoto wengine, maana moshi wa tumbaku na asbestosi vikikutana kifuani, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka mara nyingi.

Sasa maziwa. Maziwa yanapita njia ya chakula yakashuka tumboni, na mapafu yana njia yake. Hakuna tone linalofika kule kusafisha kitu. Nimefanya ukaguzi wa afya kazini kwa miaka 22, na imani hii nimeikuta kwa mafundi wa saruji, wa rangi, wa mbao, hata wa betri. Inaniuma kila mara, kwa sababu kijana akishapewa pakiti yake huona amekingwa, na mwenye kazi huona ametimiza wajibu. Pakiti ni rahisi kuliko barakoa.

Kabla hujaendelea kusoma, simamisha kazi. Asipande mtu paani, isitobolewe hata tundu la waya. Ule ufagio weka kando, na mashine ya nyumbani ya kunyonya vumbi pia usiitumie, kwani nyuzi hupenya kichujio chake zikarudi hewani. Sakafu ya baraza na madirisha futa kwa matambara yaliyolowa maji, yatie kwenye mfuko mzito wa nailoni pamoja na ule ufagio, funga, kisha utie huo mfuko ndani ya mwingine. Vipande vilivyokatwa vinyunyizie maji taratibu, vifunike kwa turubai mahali vilipo, usivivunje na usivihamishe. Zungushia kamba sehemu hiyo ya uani, watoto wachezee upande mwingine. Hayo yatatosha mpaka wapimaji waje.

Je, ni asbestosi? Kwa maelezo yako, ningeshangaa kama sivyo. Pwani yetu hii chumvi ya bahari inakula bati la chuma mpaka linakuwa kama ungo, na mzee wako alikuwa mtu wa bandarini, alijua. Miaka ile mtu mwenye uwezo kidogo aliezeka kwa asbestosi: haishiki kutu, haiungui, haipitishi joto wala makelele ya mvua. Mzee hakukosea kwa alichokijua. Aliwatafutia wanawe kitu cha kudumu.

Lakini jicho halipimi. Mabati ya saruji yaliyotengenezwa baadaye kwa nyuzi nyingine zisizo na madhara hayo yanafanana na ya asbestosi kama kurwa na doto. Mafundi wana mbinu zao za kutambua, na mbili nataka nizikataze hapa hapa kwa kila anayesoma. Moja ni kuvunja kipande ili kuangalia kama kina unywele kwenye mvunjiko, maana huko ndiko kuzitoa nyuzi zenyewe. Ya pili ni kukitupa motoni. Bati la asbestosi likipata moto mkali hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae usoni. Kama kuna anayetumia kipande chake kukinga upepo mekoni, akiondoe.

Asbestosi yenyewe ni madini, mawe yanayochambuka kama pamba. Ziko aina sita, na zilizotumika sana majumbani ni tatu: krisotili ambayo ni nyeupe, amositi ya kahawia, na krosidoliti ya buluu. Kwenye bati la paa kwa kawaida utakuta asilimia 10 hadi 15 ya nyuzi, nyingi zikiwa krisotili, na zilizobaki ni saruji. Saruji ndiyo inayozishika. Hapo ndipo ndugu yako ana sehemu ya ukweli: paa zima, lililotulia, lisiloguswa, haliwarushii watu wa ndani nyuzi nyingi, na mzee aliishi salama chini ya paa lililotulia. Grinda haikulikuta limetulia. Kwa siku mbili hizo huenda ilitoa vumbi ambalo paa lenyewe halikutoa katika miaka mingi.

Na mpe ndugu yako hili pia. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka kaskazini-magharibi mwa Cape, Afrika Kusini, kulikochimbwa asbestosi ya buluu. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu karibu na machimbo, wengine wakiwa watoto wadogo. Kipo pia kisa kilichojulikana nchi nyingi: wake wa wafanyakazi wa asbestosi wakaugua ugonjwa ule ule, na kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua ovaroli za waume zao. Afrika Kusini iliyoichimba kwa miaka mingi iliipiga marufuku 2008. Sisi Kenya tuliifungia mlango 2006, na kanuni za taka za mwaka huo zikaiweka kwenye orodha ya taka za hatari. Majengo ya kabla ya hapo bado yapo: nyumba za walimu, nyumba za reli, hospitali, maghala, na yenu.

Tuje kwa yule bwana wa kidude. Usimpe hata shilingi. Vidude vile vinahesabu chembe za vumbi hewani. Havijui kama chembe ni unga wa ngano wa mpangaji wako wa mikate, moshi wa makaa au asbestosi. Ukichoma ubani utaona namba nyekundu vile vile. Halafu angalia mpango wenyewe: yeye anapima, nduguye anaezua. Anayepima asiwe na faida kwenye jibu. Hilo ndilo la kwanza ninaloangalia kwa mpimaji yeyote, hata kabla sijauliza vyeti vyake.

Kupima kwa kweli kunaanza kwa mguu na daftari. Mpimaji anatembea jengo zima pamoja nawe, anauliza mwaka wa kila ukuta na kila nyongeza, anachora ramani, na anaandika kila kitu anachokishuku. Watu wakisikia asbestosi hutazama juu tu. Nyumba ya 1976 ina mahali pengi zaidi pa kuangalia. Je, dari za vyumba ni mbao bapa za kijivu? Zinapimwa. Sakafu ina vile vigae vya plastiki vya inchi 9 kwa 9? Vinapimwa, na ile gundi nyeusi ya lami chini yake inapimwa peke yake, kwa sababu kigae kinaweza kuwa safi na gundi isiwe safi. Bomba la maji machafu la kijivu nyuma ya choo, tangi la zamani juu ya bafu, ubao ulio nyuma ya sanduku la fyuzi za umeme. Na lile duka la mikate! Kama tanuri ni la zamani, kamba nyeupe iliyozunguka mlango wake na kitambaa kilichofungwa kwenye bomba la moto vinanitia hofu kuliko paa lenu. Kule nyuzi hazina saruji ya kuzishika, kitu kinachambuka kwa kidole. Mwambie mpangaji asiiguse kamba hiyo wala kuibadilisha mpaka ipimwe. Asitishwe, aelezwe tu vizuri kama mtu mzima. Yeye ndiye anayeufungua mlango ule kila alfajiri.

Kuna siku nilisimama chini ya ngazi nikimtazama mpimaji mmoja akichukua sampuli kwenye dari la ghala, na nikitaka kukueleza kazi safi inafananaje, nakueleza hiyo. Alitandika nailoni chini. Alivaa ovaroli ya kutupwa yenye kofia, na barakoa ya kichujio cha daraja la P3 iliyoshika uso pande zote, si ile ya kitambaa. Akapuliza maji yenye sabuni kidogo mahali pa ukubwa wa kiganja, akangoja yanywee. Kwa patasi ndogo na koleo akabandua kipande kama kucha ya kidole gumba, polepole, huku msaidizi wake akiendelea kupuliza. Hapakuwa na vumbi hata la kuonekana kwenye mwali wa jua. Kipande kikaingia kwenye mfuko mdogo, ukafungwa, ukaingia wa pili, ukaandikwa namba, na namba hiyo hiyo ikaandikwa kwenye ramani. Kidonda kilichobaki darini akakipaka rangi nzito kukiziba. Akafuta patasi kwa kitambaa cha maji, kitambaa akakitia kwenye taka zake. Dakika kumi kwa sampuli moja. Nikamuuliza mbona taratibu hivyo kwa kipande cha kucha. Akanijibu kwamba ghala lile lilikuwa na wapagazi 40 wanaorudi kazini kesho yake.

Kwa nyumba yako natarajia sampuli nane hadi kumi na mbili. Moja haitoshi. Paa la mbele na la uani huenda yalinunuliwa miaka tofauti, dari za vyumba nazo hivyo hivyo. Mpimaji akikuambia kipande kimoja kinatosha kwa jengo zima, mshukuru na umsindikize mpaka mlangoni.

Maabara huziangalia sampuli kwa hadubini yenye mwanga wa pekee, uliochujwa mawimbi yake yatikisike upande mmoja tu. Nyuzi zinatolewa kwenye saruji, zinalazwa kwenye tone la kimiminika maalumu, kisha mchunguzi anaangalia rangi zinazojitokeza na umbo. Krisotili hujipinda kama nywele za mtoto mchanga. Amositi na krosidoliti hunyooka kama sindano. Vigae vya sakafu vina nyuzi fupi mno, na hadubini hiyo inaweza isizione. Hapo huhitajika hadubini ya elektroni, kwa hiyo kama wamekupa jibu la vigae uliza walitumia ipi. Kabla hujalipa, uliza pia kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, na kama kupima asbestosi kumo kwenye orodha ya vipimo ilivyoidhinishiwa. Kwa Kenya ithibati hutolewa na KENAS, shirika la taifa la ithibati. Maabara inaweza kuwa na cheti safi kabisa cha kupima maji na isiwe na ruhusa hiyo. Sampuli zikipelekwa nje ya nchi hakuna ubaya, mradi uoneshwe ni wapi.

Ripoti ikija, itakutajia kila namba, mahali ilipotoka, kama asbestosi imeonekana, na ni aina gani. Itafuatana na picha, ramani, na hali ya kila kitu: kizima, kimepasuka, kinamomonyoka. Mahali ilipoandikwa haikuonekana, ujue jibu hilo ni la kipande kile tu. Isome yote, usitosheke na ukurasa wa mbele. Na uitunze pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu kila fundi atakayekuja, hata wa kufunga feni, anastahili kuonyeshwa kabla hajatoa dreli kwenye mfuko.

Kipimo cha hewa nacho kipo na kina siku yake. Pampu ndogo huvuta hewa kupitia kichujio kwa saa kadhaa, kisha nyuzi zilizonaswa zinahesabiwa kwa hadubini. Kinafaa hasa baada ya kazi ya kuondoa, kuthibitisha kwamba chumba ni safi kabla watu hawajarudi. Kwako leo, kabla hujajua paa ni la nini, hakitakuambia unachotaka kujua. Ukipima hewa siku ya utulivu utapata namba nzuri, na paa likabaki lilivyo.

Presha ya maji ndiyo iliyonishtua kuliko yote kwenye barua yako, kuliko hata grinda, maana kazi hiyo bado hamjaifanya. Paa la karibu miaka 50 limeliwa juu na mvua na jua, saruji imekwisha kwenye ngozi, nyuzi ziko wazi chini ya kuvu. Ukilipiga kwa presha unazing'oa zote, zinakwenda ukutani, kwa jirani, kwenye gata, kwenye udongo, na zikikauka zinapeperuka. Msifanye hivyo kabisa. Ziko rangi maalumu za kulifunika paa lisilovunjika, na hupakwa bila kukwaruza wala kuosha kwa presha. Kwa nyumba ya kuishi ningekubali uzifikirie kwa muda. Kwa chekechea, ambako mipira itarushwa juu na watoto hamsini watacheza chini ya matone yake, mimi ningeezua. Hiyo ni rai yangu, na gharama naijua si ndogo. Na fundi asipande kule hata kwa kuchungulia: mabati hayo yakizeeka hayabebi mtu, na kuanguka kupitia paa kunaua siku hiyo hiyo.

Utauliza maji ya mvua mliyokunywa miaka yote kutoka paa hilo. Shirika la Afya Duniani halijapata ushahidi wa kutosha kwamba asbestosi iliyomezwa kwenye maji inadhuru, na halikuiwekea kiwango kwenye maji ya kunywa. Hofu iko kwenye kuvuta kwa pumzi. Kwa hiyo usilie kwa ajili ya tangi. Tope kavu lililolala kwenye gata ndilo msilikwangue.

Ripoti ikithibitisha, nenda ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ukiwa nayo mkononi, kabla ya kuezua. Waulize nani ameruhusiwa kufanya kazi hiyo na kusafirisha taka hizo, na zinazikwa wapi. Idara ya serikali ya usalama na afya kazini nayo inahusika, kwa sababu wale wanaoezua ni wafanyakazi. Kazi safi utaitambua: paa linaloweshwa kwanza, misumari inafunguliwa badala ya bati kuvunjwa, kila bati linateremshwa zima kwa mikono, linafungwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa, kisha lori lenye kibali linaondoka nalo. Ukiona bati linarushwa kutoka juu, simamisha.

Hapo unaona kwa nini biashara ya Mazeras haiwezekani. Bati lililoezuliwa ni taka ya hatari kisheria, haliuzwi na halipewi mtu. Lakini achana na sheria kidogo. Banda la kuku linapigiliwa misumari, linakatwa lienee, linagongwa na mbuzi, linavunjika, na mtoto wa mwenye banda ndiye anayetumwa kuokota mayai na kufagia chini yake. Ndugu yako amrudishie yule bwana arubuni yake wiki hii na amwambie sababu kwa maneno wazi, asije akaenda kununua kwa mwingine.

Najua ni vigumu kwa dada kumwambia ndugu wa kiume haya, hasa mkiwa bado kwenye majonzi. Usimpige kwa kansa. Mwambie unataka jina la mzee liandikwe kwenye shule ambayo mzazi yeyote akiuliza juu ya paa, mnampa karatasi ya maabara aisome. Mwambie achague mpimaji yeye, kwa masharti yale mawili: ithibati, na asiwe muuzaji wa kuezua.

Umebaki na mtu mmoja ambaye hukumuuliza, mwanangu, nami namfikiria tangu nilipoisoma barua yako. Yule kijana aliyekuwa mweupe mpaka nyusi. Wanao walilipata vumbi lile siku mbili. Yeye, kama fundi wake hukata mabati ya zamani kwa grinda kila anapoitwa, huenda analivuta kila wiki, na nguo zile alirudi nazo nyumbani zikafuliwa na mama yake au mke wake. Mtafute kupitia fundi. Mwite barazani, mpe barua hii aisome, au msomee. Nguo alizovaa siku zile zitiwe kwenye mfuko zikiwa zimeloweshwa, zisikung'utwe, nawe umnunulie nyingine. Na fundi aje amsikilize pia, kwa sababu kifua chake nacho kimekuwepo kwenye kazi hizo zote.